Nafasi ya Tenti

Nehemiah alikuwa na jicho. Wako waliosema ni la uchawi, lakini hao walikuwa wakimwonea. Lilikuwa jicho la tenti. Ukimsimamisha langoni mwa boma lolote kijijini kwao, huku upande wa Malava, aliangalia mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akakuambia tenti itakaa wapi, jeneza litaelekea wapi, wapishi wawashe moto upande gani ili moshi usiwafuate wageni wa heshima, na mti upi itabidi utoke. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba kabla yake kulikuwa na mwenyekiti mwingine. Huyo mwingine Nehemiah ndiye aliyemzika, na tenti ilikaa vizuri.

Kazi iliyompa mshahara ilikuwa ya mizani. Alipima miwa kiwandani hadi akastaafu, na hakuna anayekumbuka hata trela moja. Cha kukumbukwa kilikuwa namna alivyowaendea wagonjwa. Maana tatizo la mazishi, kama alivyowaeleza wanakamati, ni kwamba msiba hauna subira lakini mti unayo. Mwili unaweza kufika kutoka mochari ukakuta mpera umesimama katikati ya uwanja, na watu waanze kukimbizana na panga wakiwa na nguo za msiba. Kwa hiyo yeye alitangulia. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, akanywa maji, akamwombea huku macho yakiwa wazi, kisha akatoka nje kupokea simu. Simu haikuwa imelia. Huko nje alipiga hatua, akatazama juu, akamwita mwenye boma kando.

"Huo mpera utoke," alisema. "Ule mlimau upunguzwe matawi ya chini. Na mgonjwa akisikia panga akiuliza, mwambieni mnafungua jua."

Hilo neno la jua lilikuwa lake. Alilipata mwenyewe, baada ya kuona familia nyingi zikibabaika mbele ya mgonjwa mwenye masikio. Hakuna anayegombana na jua. Familia zilimshukuru, na wagonjwa hawakuwahi kulalamika, au kama walilalamika, hawakulalamika kwa kamati.

Kisha kiharusi kikampata yeye. Kilimpata asubuhi akifunga vifungo vya shati, akashangaa kuona mkono wa kulia umeacha kazi katikati. Alipotoka hospitali, mguu wa kulia uliburuta na mkono ulilala juu ya blanketi kama kitu alichosahau mgeni. Ulimi ndio uliorudi wa kwanza, na hilo halikumshangaza mtu yeyote aliyemfahamu.

Mjini Kakamega kulikuwa na msichana wa kutibu viungo kwenye kliniki moja, jina lake Jepkemboi, mtu asiyepoteza maneno. Alimkunja Nehemiah goti, akalinyoosha, akamwambia atatembea akitembea.

"Nitatembea nikipona," Nehemiah alisema.

"Ni kinyume, mzee. Utapona ukitembea."

Nehemiah akamuuliza ana miaka mingapi. Kisha akataka arudishwe kwenye gari. Mkewe, Jescah, alibaki nyuma kidogo akizungumza na yule msichana mlangoni, na Nehemiah akamngoja ndani ya gari na kulalamika kuhusu joto.

Jescah alikuwa mama wa maneno machache na mikono isiyotulia. Katika ndoa yao ndefu alikuwa amejifunza jambo moja kubwa: chochote kilicholetwa kwa Nehemiah kikiwa bado wazo, kilikufa. Mwenyekiti hupenda kupinga hoja. Tangi la maji alilipinga, jiko la gesi alilipinga, choo cha karibu na nyumba alikipinga kwa sababu za upepo. Jescah alivileta vyote bila kuuliza, na baada ya wiki Nehemiah akawa anawaonyesha wageni na kueleza faida zake. Hakukuwa na ugomvi. Nyumba iliendeshwa hivyo, na iliendeshwa vizuri.

Sasa Nehemiah alilala chumba cha mbele, dirisha likitazama uwanja. Aliona avokado, aliona mti mmoja wa lusiola ulionyooka katikati ya nyasi, aliona lango. Mlango wa nyumba, jiko la nje na njia ya kwenda chooni vilikuwa upande wa pili wa kona, hakuviona. Choo chenyewe, kile alichokipinga, hakukifikia tena. Alitumia ndoo. Jescah aliitoa kila asubuhi, na kati yao wawili hakuna aliyewahi kuitaja.

Ndipo asubuhi moja akasikia panga.

Hapa lazima nieleze jambo la huko, maana asiyelijua atamwona Nehemiah kama mtu wa kujitisha bure. Kwa wazee wa kwao, mwanamke hakati mti wa boma mumewe akiwa hai. Matawi makavu ya kuni, sawa. Kile kichaka cha kuni alichopanda mwenyewe kando ya mahindi, sawa pia, kwa sababu hicho hakihesabiwi kuwa mti. Lakini mpera, mlimau, lusiola, avokado, hiyo ni miti ya mwanamume, na mke akiiinulia panga anakuwa amekitangazia kijiji kwamba mwenyewe hayupo, au kwamba yuko njiani kutokuwepo. Siku hizi vijana hucheka wakisikia hayo. Nehemiah hakucheka. Alikuwa ameyasema mwenyewe mikutanoni, akiwa amesimama.

"Nani anakata?" aliita.

"Ni mimi," Jescah akajibu kutoka upande wa mlangoni.

"Unakata nini?"

"Mlimau."

"Mlimau umefanya nini?"

Panga ilinyamaza kidogo. Jescah alikuwa akitafuta jibu ambalo mumewe asingeweza kulipinga, akapata lililo jepesi kabisa.

"Nafungua jua," alisema.

Nehemiah aliuangalia mkono wake wa kulia kwa muda. Hakukuwa na sababu ya kuuliza, maana jibu alilifahamu tangu likiwa changa.

Kijiji nacho kilikuwa na masikio. Kesho yake akaja Pascalia, jirani wa ng'ambo ya mfereji, na mzigo wa kuni kichwani. "Ziko kavu, Mama Khisa," Nehemiah alimsikia akimwambia mkewe. "Hizi hata zikae miezi miwili haziharibikangi." Wakaja kina mama wa kwaya kumwimbia mgonjwa, wakaimba nyimbo ambazo Nehemiah mwenyewe huzipanga kati ya mahubiri na kuutazama mwili. Wakaja wanaume waliokuwa hawamsalimii kwa sababu ya mipaka, wakakaa kwenye kiti, wakamsifu. Walisema alikuwa mtu wa haki. Nehemiah alisikiliza vile walivyosema "alikuwa", akawashukuru.

Mpera wa pembeni ukafuata, halafu ule mwingine wa karibu na jiko. Kila asubuhi, Jescah akishamaliza ng'ombe, panga ilianza. Mchana aliingia na obusuma, ugali wa kwao, na mboga ya mrenda, jasho likimtiririka, majani yamenasa kwenye kitambaa cha kichwa, akaketi kumlisha akiwa na uso wa kawaida kabisa.

Nehemiah aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema. Alikuwa amezika watu wengi na kila mara alidhani ameizoea hiyo habari. Kumbe alichozoea ni tenti. Lakini woga wa kufa haukumuuma kama kitu kingine. Kilichomuuma ni kwamba Jescah ameshamaliza kuamua. Watoto wangeweza, wako mbali, wana haraka. Kijiji kingeweza, ndiyo desturi, yeye mwenyewe alikifundisha. Jescah alikuwa wa kungoja. Aliona kwamba akishapoteza hilo, hana tena sababu ya kuhangaika na goti, akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Kijiko kikija, aligeuza uso ukutani. Jescah alikirudisha kijiko, akangoja, akakileta tena, na Nehemiah akageuza uso tena.

Angeendelea hivyo mpaka mwisho, na tenti ingekaa vizuri, kama si avokado.

Jescah aliamua kuondoa tawi lake kubwa, lile lililotanda chini kuelekea mlangoni. Alipanda juu ya stuli, akaanza kulikata kutoka juu, kwa nguvu, kama mtu anayekata miwa. Kabla hajafika nusu, uzito wa tawi ukalivuta. Likaanguka na gome la shina, ukanda mrefu kutoka kwapani mwa mti hadi karibu na mizizi. Ulitoa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Nehemiah aliujua mlio huo. Alikuwa ameusikia katika maboma ya watu wasio na adabu ya miti.

"Anza chini!"

Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote alizotoa tangu augue. Kuku walikimbia.

"Nini?" Jescah akauliza.

"Tawi zito hukatwanga chini kwanza! Kidogo tu, kama robo. Halafu unasonga mbele, mbali kidogo na hapo, ndio unakata kutoka juu. Likivunjika linavunjikia hapo, halichuni mama yake."

"Na hicho kipande kinabaki?"

"Unarudi unakitoa polepole. Mpaka shingoni, pale pamevimba. Usiingie ndani ya mwili wa mti. Na usiache kigutu cha kuanikia nguo."

Jescah akashuka, akahamisha stuli, akapanda tena. Ili aone, Nehemiah ilimbidi ajivute kwa mkono wa kushoto mpaka akakaa kitako, mgongo umeegemea ukuta. Tawi la pili lilikatwa chini kwanza. Lilianguka lenyewe, safi, na jeraha lililobaki lilikuwa la mviringo, dogo, la kupona.

"Hivyo," Nehemiah alisema, kwa kinyongo.

Mimi nimejaribu kumwelewa mtu huyu. Aliamini kwamba mkewe anamwandalia mazishi, na bado hakuweza kuvumilia kuona maandalizi yakifanywa vibaya. Alijitetea moyoni kwa hoja ya kikamati: siku yake ikifika, watu wataketi chini ya avokado hiyo. Wakati wa hotuba watachoka, watainua macho, wataona gome limechunika, nao watasema miti ya mwenyekiti ilikatwa kama ya mtu yeyote. Hilo hapana.

Asubuhi iliyofuata Jescah akasukuma kitanda karibu na dirisha bila kusema lolote. Nehemiah hakulipinga, kwa kuwa lilikuwa limeshafanyika. Kuanzia hapo kazi ikaenda kwa amri. Alimwambia panga yake ni butu, inapiga mti kama inapiga ng'ombe, achukue tupa ainoe akisukuma upande mmoja tu. Alimkaripia kwa ule mlimau, ambao Jescah aliukata ukalingana na ardhi kisha akashinda na jembe akihangaika na kisiki kisicho na pa kushika.

"Mti mdogo hutolewanga ukiwa mrefu," alimweleza. "Unaacha shina lifike kifuani. Unachimba kuzunguka, unakata mizizi ya kando na shoka. Halafu unashika shina unasukuma huku, unasukuma huku, kama jino la mtoto. Lenyewe litakuonyesha mzizi gani bado unashikilia."

"Na ukiwa umeshakata chini?"

"Basi unachimba mpaka utubu."

Jescah alichimba mpaka akatubu. Mpera wa mwisho akauacha mrefu, na ukatoka kabla jua halijakuwa kali. Aliusimamisha mbele ya dirisha, mizizi na yote, amwonyeshe. Nehemiah akatikisa kichwa kukubali. Siku hiyo alikula, maana kazi ya kusimamia inatia njaa, na baada ya kula akajilaumu kwa kusahau kwamba alikuwa ameacha.

Kisha akaja Osiako.

Osiako alikuwa makamu mwenyekiti, sasa anashikilia kiti cha Nehemiah. Aliingia akiwa amevaa koti. "Mulembe, mwenyekiti. Umelara vizuri?" Akakaa, akaomba maji, akanywa. Akaomba kwa Mungu, na Nehemiah, ambaye pia hakufumba macho, alikutana na macho ya Osiako katikati ya sala. Wote wawili wakaangalia kwingine. Baada ya amina Osiako akagusa mfuko. "Samahani kidogo, niko na simu."

Nehemiah alizisikiliza hatua zake huko nje. Osiako alikuwa na miguu mifupi na hatua zake zilikuwa fupi vilevile. Kwa vipimo vyake kila tenti ilitokea ndogo. Lakini hilo halikuwa shida ya Nehemiah tena. Sauti zikamfikia kupitia dirishani, Osiako akidhani ananong'ona.

"Mama Khisa, kazi umefanya. Uwanja umefunguka. Shida ni hii lusiola tu, imekaa katikati kabisa."

"Kesho naitoa," Jescah alisema.

"Mungu akubariki."

Sasa, hiyo lusiola. Nehemiah aliipanda walipohamia pale, mche mwembamba kutoka kitalu cha Isecheno, na aliupanda popote, kama kijana anavyopanda. Miaka ilipita, akapata uenyekiti, akapata jicho, na siku moja alipokuwa akitoka kwenda mazishini aligeuka langoni akaliangalia boma lake mwenyewe. Akaona. Lusiola ilisimama mahali hasa pa nguzo ya katikati. Ikiwepo, tenti haingii, si ya watu wengi wala wachache. Alipaswa kuiondoa, kama alivyowashauri wengine. Kila mwaka alipata sababu. Mara ni changa, mara ni kivuli cha ndama, mara msumeno umeazimwa. Hakumwambia mtu. Alijua kabisa kwamba mti haumzuii mtu kufa, alikuwa na ushahidi mwingi wa hilo. Lakini aliuacha.

Kesho yake Jescah alitoka na panga, msumeno mdogo, jembe na kamba ya ng'ombe. Akaweka vitu chini ya lusiola, akafunga leso kiunoni, akachukua panga.

"Mama Khisa," Nehemiah aliita.

"Eeh."

"Hiyo uiache."

"Iko kwa njia, Baba Khisa."

"Najua iko kwa njia." Alitafuta pumzi. "Ungengoja kidogo tu. Si lazima ukate nikiwa naangalia."

"Ningoje nini?"

"Niishe. Halafu mtakata. Osiako ako na msumeno mzuri."

Jescah akaweka panga chini, akaja mpaka dirishani. Uso wake ulikuwa karibu sana, na Nehemiah aliona jinsi jua la wiki hizo lilivyomkausha.

"Wewe unafikiria hii miti nimekuwa nikikatia nini?"

"Tenti," Nehemiah alisema. Alilisema kama mtu anayejibu mkutanoni.

"Tangu lini unafikiria hivyo?"

"Tangu mlimau."

"Tangu mlimau." Jescah alilirudia taratibu. "Na ukanifundisha kunoa panga."

"Ilikuwa butu."

"Ukanifundisha avokado."

"Ulikuwa unaiharibu."

"Nehemiah!" Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa miaka mingi. "Ulilala hapo ukijua nakukatia miti ya matanga, na ukanionyesha vile nitaikata vizuri?"

Nehemiah alifikiri. "Sikutaka watu wakuseme," alisema.

Jescah alikaa chini, pale pale, juu ya msingi wa nyumba. Kutoka kitandani Nehemiah aliona kitambaa chake cha kichwa tu, kikitikisika. Alidhani anacheka. Alikuwa analia, kwa hasira na kwa huruma vikiwa vimechanganyika, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe, kwa kuwa wiki zote hizo alidhani yule mzee amegeuza uso kwa sababu ya chumvi.

"Nilikuambia ni jua," alisema akiwa huko chini.

"Jua ni langu! Mimi ndiye huambianga watu waseme jua!"

"Mimi nitajua aje? Mimi niko kwa kamati?"

Nehemiah akakubali moyoni kwamba hakuwa. "Na Osiako? Umemwambia unaitoa."

"Osiako nilimjibu ili aende. Nilikuwa na maziwa kwa moto."

Aliinuka, akapangusa uso kwa ncha ya leso, akazunguka nyumba. Nehemiah akasikia mlango. Jescah akaingia chumbani, akauweka mkono mbovu wa mumewe shingoni mwake, akamshika kiunoni kwa ukanda wa suruali, akamwinua. Walikwenda wakigonga kila kitu. Mlangoni akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wote wawili wakihema.

Hapo Nehemiah akaona upande ambao hakuwa ameuona tangu arudishwe kutoka kliniki. Kutoka mlangoni hadi chooni kulikuwa na mashimo. Yalikuwa madogo, ya nguzo, yasiyoonekana kutoka dirishani kwa sababu ya nyasi, safu mbili zinazoenda sambamba, zikipita palipokuwa na mlimau, palipokuwa na mipera, chini ya avokado pasipo tawi tena. Na pembeni mwa jiko miti yake yote iliegemezwa ukutani, imetolewa gome, imekatwa sawa, myeupe kama mifupa ya samaki. Safu za mashimo zilikatikia kwenye lusiola, zikaendelea mbele yake.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kushika. Jepkemboi alisema pande mbili, kimo cha kiuno, kutoka mlangoni mpaka chooni. Moja kwa moja. Kona utajifunza baadaye."

Nehemiah aliangalia mashimo, akaangalia choo. Alikumbuka ndoo, na akaona aibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Alilitafakari hilo kwa haki. "Ningekataa," alisema.

Jirani mmoja alipita barabarani, akapunguza mwendo, akamwona mgonjwa nje na mkewe ana panga, akaongeza mwendo. Habari hiyo ingefika kwa Osiako kabla ya chai.

"Nisogeze pale," Nehemiah alisema. Jescah akaburuta kiti mpaka chini ya lusiola. "Nipe panga."

Aliishika kwa mkono wa kushoto, ambao katika maisha yake yote haukuwahi kukata kitu. Akapiga shina mara moja. Alama iliyotokea ilikuwa ya mtu anayebisha hodi. Akamrudishia mkewe panga.

"Nimeanza," alisema. "Sasa malizia, hakuna mtu atakusema. Punguza matawi kwanza. Acha shina lifike kifuani."

Ilichukua asubuhi nzima. Jescah akachimba, akakata mizizi ya kando, akafunga kamba juu ya shina, na alipoivuta na ikakataa, Nehemiah akaomba ncha aizungushe kwenye mkono wake mzima. Walivuta pamoja, yeye kutoka kwenye kiti. Sitasema nguvu zake ndizo zilizouangusha. Uliegemea, ukasita, mzizi mmoja ukalia ndani ya udongo, ukalala. Uwanja ulibaki wazi kabisa. Tenti ingeingia pale bila kugusa kitu, kwa nafasi ya siku chache, mpaka nguzo zilipokuwa zimesimama na udongo umeshindiliwa.

Nehemiah alizikagua. "Avokado si mti wa nguzo. Hizi zitaoza kabla ya mwaka kuisha."

"Mwaka ukiisha tutaziondoa," Jescah alisema. "Hutakuwa na haja nazo."

Hakulipinga.

Siku ya kwanza alikwenda nguzo mbili na kurudi, akatukana. Alimtukana Jepkemboi, ambaye hakuwepo, na wote waliofanana naye. Siku zilizofuata alitukana pungufu na kwenda zaidi. Mkono wa kushoto ulishika mti wa lusiola, uliolazwa juu ya nguzo upande huo kwa kuwa ndio ulionyooka kuliko yote. Wa kulia Jescah aliuweka juu ya mti wa mpera, nao ukakaa hapo ukijifunza. Mguu uliburuta. Jescah mwenyewe alikuwa nyuma ya mgongo wa mumewe, mikono yake imenyooshwa bila kumgusa.

Asubuhi aliyovuka nusu ya njia, akisimama pale lusiola ilipokuwa, mkono wa kushoto ukakwama. Akainama kidogo kutazama. Kiganja kilikuwa kimekwaruzwa, tone dogo la damu.

"Mama Khisa. Umeacha kigutu."

"Wapi?"

"Hapa. Kidole kizima. Nilikuambia mpaka shingoni."

Jescah akaja mbele, akakigusa kwa kidole gumba. Kweli kilikuwepo. Panga iko jikoni, alisema, na akasogeza kiti kilichokuwa karibu ili mumewe akae wakati yeye anakwenda kuileta.

"Kitoe hicho kiti, kimeniziba njia," Nehemiah alisema. "Nenda."

Jescah alikwenda jikoni. Hakuiona panga haraka, akakumbuka ameiacha kwenye tupa nyuma ya nyumba, akazunguka kuifuata. Nehemiah akamngoja, amesimama.